Mkwe Ndani ya Jicho la Kushoto

Domitille alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake huko Kasenga, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, akichambua ndagala, mchanga upande huu na samaki upande ule, wakati nondo alipoingia ndani ya jicho lake la kushoto na hakutoka. Alingoja kidogo. Jicho halikuwasha. Akaendelea na kazi. Jioni nondo alitoka mwenyewe, akapumzika juu ya kope, kisha akaenda zake kwenye taa ya jirani.

Jicho hilo lilikuwa limefungwa nusu tangu mwaka wa Uhuru. Kabla ya hapo Domitille alikuwa na rovu shingoni, kubwa kama papai, na daktari Mzungu wa misioni moja ya milimani alimpasua akaliondoa mwishoni mwa Juni 1960. Kazi ilikuwa nzuri. Shingo ilibaki laini, na kovu jembamba kama mkufu. Lakini alipozinduka, kope ya kushoto ilikuwa imeshuka kama pazia la duka lenye msiba, mboni ya upande huo imekuwa ndogo kama punje ya ulezi, na nusu ya kushoto ya uso wake haikutoa jasho tena, jua liwake lisiwake. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi wa wavu, kisu kiliugusa kidogo tu. Akirudi kutoa nyuzi atamweleza vizuri. Siku ya kutoa nyuzi daktari alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Usumbura na gari lake, mke wake na mbwa wake. Domitille alicheza ngoma ya Uhuru akiwa na nyuzi shingoni, na upande mmoja tu wa uso wake ulitoka jasho.

Sokoni wanaume walidhani anawakonyeza. Samaki wake walinunuliwa upesi kuliko wa wengine, jambo ambalo Ernestine, aliyeuza meza ya pili, hakulipenda.

"Domitille, weye utaua wazee ya watu," alimwambia. "Yule wa leo ameshanunua ndagala mara ngapi? Hana hata bibi ya kumupikia."

"Sikonyezi. Ni daktari."

"Na minye nitamutafuta huyo daktari."

Domitille alikuwa mjane. Gaspard, fundi wa mitumbwi, alikuwa mgane, na alitaka kumwoa tangu zamani. Kwanza alisema angoje shingo ipone. Shingo ilipopona akasema angoje jicho. "Minye siwezi kuoa mwanamke mwenye kukonyeza kila muntu," alisema, akiendelea kuchonga. Domitille hakuona ubaya wa sharti hilo, kwa sababu hata yeye alilitaka jicho lake. Kwa jicho la kulia aliliona ziwa lote, toka bandari ya Kalundu hadi milima ya Burundi. Kwa la kushoto aliona ukanda mwembamba wa maji, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Alitaka yote mawili yaone sawa. Alikuwa na haki.

Mwaka wa 1964 daktari mweusi kutoka Haiti, mmoja wa wale walioletwa baada ya Wazungu kukimbia, alimtazama na kumwambia ukweli bila kuzunguka. Mshipa ulikatwa. Hautarudi. Jasho halitarudi. Lakini kope inaweza kufupishwa na kushonwa juu, kazi ya asubuhi moja. Akampa Jumatatu. Gaspard aliposikia alinunua shati jipya.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, uasi uliingia Uvira.

Hatungimana alitokea nyuma ya nyumba akihema. Alikuwa mume wa Sabine, binti pekee wa Domitille, na alilima pamba huko Kiringye. Waasi walikuwa wakikusanya vijana wa bonde la Ruzizi kwenye kamio, yaani lori, ili wakapigane, na yeye hakutaka kupigana na mtu. Sabine alikuwa naye, ana mimba ya miezi mingi.

Ieleweke kwamba Domitille hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake vizuri, wala yeye uso wa mama mkwe. Ndiyo desturi. Mwanaume hamtazami mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia porini. Siku moja Hatungimana, aliyebeba mfuko wa pamba, alisimama ndani ya mfereji hadi kiunoni mpaka Domitille apite na kumaliza kusalimiana na watu. Domitille alikuwa akimjua kwa mgongo. Ulikuwa mgongo mzuri, hakuwa na lawama nao.

"Mama, banamutafuta," Sabine alisema. "Kamio iko ku barabara. Tumufiche wapi?"

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja.

"Chini ya kitanda ndiko banaangaliaka kwanza," Domitille alisema. Akafikiri. "Mu jicho, nondo alikaa vizuri."

Hatungimana alikuwa amesimama nje, uso ukitazama ukuta. "Mabukwe, unisamehe," alimwambia mama mkwe. Sabine alishika kope ya mama yake kwa vidole viwili akaiinua. Mumewe alikuja kinyumenyume ili asimtazame mama mkwe, akapanda shavu la kushoto, ambalo lilikuwa kavu na halitelezi, akainama kama mtu anayeingia banda la mbuzi, akaingia. Sabine akaishusha kope.

Waasi walifika. Walitazama chini ya kitanda. Walitazama ndani ya chungu cha sombe ya majani ya muhogo. Mmoja mwenye kipande cha ngozi ya chui kichwani alimkazia macho Domitille.

"Mama, kwa nini unanikonyeza?"

"Sikonyezi. Ni daktari."

"Pole," alisema, wakachukua kuku mmoja na kuondoka.

Jumatatu Domitille alikwenda hospitali kama alivyoahidi, akaeleza kwamba kuna mtu ndani. Daktari alimulika kwa tochi. "Bonjour, docteur," Hatungimana alisema bila kugeuka. Daktari alimjibu, akazima tochi, akauliza atatoka lini.

"Uasi ukiisha."

"Nikiishona juu sasa, mlango utabaki wazi," daktari alisema. "Kila mtu atamwona." Siku chache baadaye naye alivuka mpaka.

Maisha ya ndani hayakuwa mabaya. Chumba kilikuwa na ukubwa wa jiko la nje, sakafu laini, na mwanga wa saa kumi alasiri mchana kutwa. Hapakuwa na mbu. Domitille akimenya vitunguu, Hatungimana alikunja mkeka wake na kuuinua. Akifua shati alilianika kwenye nywele za kope, na watu wa sokoni walizoea kuona shati dogo likipepea kwenye jicho la Domitille na kuuliza tu kama limekauka. Chakula alipelekewa na Sabine, bugali na sombe, mara chache samaki wa mukeke.

Kwa heshima alikaa ametazama ndani, upande wa kisogo, ili asichungulie nje na kukutana na uso wa mama mkwe kwenye kioo au kwenye maji. Huko ukutani ndiko alikoona dunia, maana kila kitu kilichopita mbele ya jicho kilionekana hapo, kidogo, kizuri, na kimepinduka. Watu walitembea kwa vichwa. Ziwa lilikuwa juu na mbingu chini. Akawa mlinzi wa mtaa.

"Mabukwe, kamio inakuja. Magurudumu iko juu."

"Ya watu gani?"

"Bendera iko chini, siwezi kusoma. Huku kila kitu kimepinduka."

"Hata huku nje," Domitille alimjibu.

Shida ilikuja kwa Sabine. Alikuwa mke halali, na baada ya chakula cha mchana alianza kuingia kumwona mumewe na kukawia. Sasa, kwa watu wa huko, mkwe hawezi kulala na mke wake ndani ya nyumba ya mama mkwe. Ni aibu kubwa, hata mvua inaweza kugoma. Domitille alijaribu kufanya linalofaa. Alichukua mkeka akaenda kupumzika kwa Ernestine. Lakini jicho alikwenda nalo.

Jambo likapelekwa kwa Jean-Berchmans, katekista, aliyekuwa akiamua kila kitu tangu padri avuke kwenda ng'ambo. Alimtazama Domitille kwa muda, akatazama jicho, akatikisa kichwa.

"Desturi inasema mukwe asimuangalie mama mukwe ku uso," alisema. "Huyu hamuangalii. Iko ndani ya uso. Huko desturi haikufika."

"Na mambo ya mchana?" Ernestine aliuliza.

"Mambo ya mchana, Domitille aimbe."

Basi kila siku baada ya chakula Domitille alikaa mlangoni akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti, na majirani walijua ni saa ngapi. Mtoto alizaliwa mwezi wa Juni. Mama na mtoto walihamia ndani, kwa sababu jua la nje lilikuwa kali.

Gaspard alikuja kutazama hali. Alisimama mbali kidogo, amevaa shati lake jipya, ambalo sasa halikuwa jipya sana.

"Domitille, minye nilitaka kuoa mwanamke. Sikutaka kuoa nyumba yenye bapangaji."

"Ni mukwe wangu. Nimutupe?"

"Simaanishi umutupe. Namaanisha, muntu akitaka kuongea na weye maneno ya siri, ataongea na nani?"

"Atasema polepole."

"Nitasikia tu," Hatungimana alisema kutoka ndani, kwa adabu.

Gaspard akarudi kwenye mitumbwi yake.

Wakati huo waasi walikuwa wameweka bariere, kizuizi cha barabarani, huko Nyamianda, njia ya kwenda sokoni. Walikuwa na njia yao ya kuwatambua wasaliti. Waliwakalisha watu juani, na aliyetoka jasho alikuwa na kitu anachoficha. Kwa kuwa Uvira kila mtu hutoka jasho, kila mtu alikuwa msaliti, akaacha samaki kidogo akapita. Domitille aliwasumbua. Upande wa kulia wa uso wake ulilowa hadi kidevuni. Wa kushoto ulikuwa mkavu kama sahani iliyofutwa.

Kamanda, kijana aliyekuwa karani wa pamba kabla ya uasi, alitembea akimzunguka. Akatoa hukumu. Upande wa kulia una hatia. Upande wa kushoto hauna kosa, upite.

Walipekua upande wa kulia. Walivua kiatu cha kulia, wakachukua nusu ya kulia ya kikapu cha ndagala, wakauamuru mkono wa kulia ukae juu mpaka saa sita. Upande wa kushoto ulikuwa huru kwenda sokoni, lakini ulimngoja mwenzake. Ndani ya jicho la kushoto, lisilo na kosa, Hatungimana, Sabine na mtoto walikaa kimya, wakitazama waasi waliosimama kwa vichwa.

Kisha jeshi la serikali likarudi na kuwafukuza waasi hadi Fizi na milimani. Watu walipiga vigelegele. Domitille naye alipiga, akaenda nyumbani, akaketi, akasema: "Haya, uasi umeisha. Mutoke."

"Mabukwe, tungoje kwanza tuone," Hatungimana alisema.

Alikuwa na sababu. Jeshi liliweka bariere mahali palepale, kwenye mawe yaleyale. Sajini wake alikuwa ameambiwa kwamba waasi hunywa dawa inayogeuza risasi kuwa maji, na kwamba dawa hiyo hukausha jasho. Kwa hiyo aliwakalisha watu juani, na asiyetoka jasho alikuwa mwasi. Vijana waliotoka jasho hakuwafunga. Aliwapandisha kwenye kamio wakabebe masanduku ya risasi, na waliokwenda kubeba masanduku hawakurudi kwa urahisi.

Upande wa kulia wa Domitille ukapata sifa ya uraia mwema. Upande wa kushoto ukakamatwa.

"Huu utatoka jasho ama utafungwa," sajini alisema, akavuta kiti.

Jua lilipanda. Shavu la kushoto halikubadilika. Watu walikusanyika, wengine wakawa wakililia lile shavu kama jamaa. Gaspard alipita akitoka ziwani na ndoo. Alisimama, akatazama, akaelewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijikwaa kwa makusudi, na ndoo nzima ikamwagikia upande wa kushoto wa uso wa Domitille.

"Ona jasho!" Ernestine alipiga kelele.

"Mabukwe, mvua!" Hatungimana alisema kwa Kirundi kutoka ndani, na mtoto akaanza kulia.

Sajini alisimama. "Nani amesema?"

"Ni jicho," Domitille alijibu.

"Jicho linasema Kirundi?"

"Tuko karibu na mpaka, chef."

Sajini alilifikiria hilo. Alitoka mbali, hakujua mambo ya mpakani. Aliligusa shavu, akaona limelowa, akasema upande wa kushoto umerudi kwenye utii. Aliziruhusu pande zote mbili zipite.

Tangu siku hiyo Domitille alimtazama Gaspard kwa namna nyingine, kwa jicho la kulia na kwa kile kipande cha kushoto alichobakiwa nacho. Naye Gaspard alikuja jioni ya pili. Hakusimama mbali. Alikuwa amechukua patasi zake ndani ya gunia.

"Banachukua bafundi ya mitumbwi," alisema. "Bamechukua Evariste na ndugu yake. Minye nimefikiri juu ya yale maneno yetu."

"Yapi?"

"Ya ndoa." Akakuna shingo. "Mule ndani bado nafasi iko?"

Domitille alilipokea gunia la patasi. Alikuwa amemngoja miaka minne, shingo kwanza, kisha jicho.

Jean-Berchmans alikataa mwanaume kuingia ndani ya jicho la mjane bila ndoa. Alisema tayari amefumbia macho mambo mengi. Harusi ikafanywa upesi, mchana, kanisani, na kwa kuwa kamio ilikuwa ikipita barabarani, bwana harusi aliingia kabla ya wimbo wa kwanza kumalizika. Yeye hakuingia kinyumenyume. Hakuwa mkwe. Ila shavu bado lilikuwa na maji ya baraka, akateleza mara moja. Katekista alipouliza kama anamkubali Domitille kuwa mke wake, jibu lilitoka ndani, wazi kabisa, na watu wakapiga makofi wakilitazama jicho. Pete alipewa Domitille aivae mwenyewe.

Ndani ilibidi wapange upya. Hatungimana sasa alikuwa na baba mkwe pia, na baba mkwe anataka heshima yake, kwa hiyo alimpa mgongo naye. Gaspard alitengeneza kitanda, rafu na mlango mdogo wa mbao. Alifanya kazi nzuri. Domitille alisikia nyundo yake siku nzima kwenye mfupa wa pua, na usiku mumewe akakoroma huko huko, huku yeye amelala kitandani peke yake.

Karibu na Noeli daktari wa Haiti alirudi. Alituma salamu kwamba hajamsahau mama mwenye kope, na kwamba Jumatatu ana nafasi.

Domitille aliwaeleza akiwa anasonga bugali. Alisema anataka kwenda. Alisema watapata pengine pa kujificha, ng'ambo wako ndugu, na mitumbwi iko, ambayo mmoja wao ndiye aliyeichonga.

Ndani wakazungumza kwa sauti ndogo. Sabine alisema mtoto ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Hatungimana alisema yeye hana neno, mabukwe aamue, ila pamba ya Kiringye imeshachomwa na bariere bado iko. Mwisho akasema Gaspard, kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Hilo jicho linafaa hivyo hivyo. Minye sijawahi kuliona na ubaya."

"Weye ndiye ulisema sitaolewa nalo."

"Nilikuwa nje," Gaspard alisema. "Muntu akiwa nje anasema mengi."

Jumatatu Domitille hakwenda. Alikwenda sokoni.

Aliporudi, kamio ya jeshi ilikuwa imesimama katikati ya Kasenga. Sajini alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba. Hakupata mwanaume hata mmoja. Wengine walikuwa Burundi, wengine juu ya boriti za paa, na hao wa Domitille sisi tunajua walipo. Masanduku ya risasi yalikuwa chini, yamepangwa, na milima ilikuwa palepale.

"Basi, kama hakuna wanaume," sajini alisema, "akina mama, njooni ninyi."

Hakuna aliyeshangaa. Ernestine alifunga kitenge vizuri, akatukana ukoo mzima wa sajini kwa lugha ambayo sajini hakuijua, akainama apandishiwe sanduku. Domitille alikunja kata ya nguo, akaiweka kichwani. Wanajeshi wawili walimpandishia lake. Lilikuwa na uzito wa mtu aliyeshiba.

Msafara ulishika njia ya milimani, wanawake mbele, bunduki nyuma. Njia ilikuwa na mawe, na kila hatua sanduku liliruka kidogo. Upande wa kulia wa uso wa Domitille ulitoka jasho. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu.

Kwenye mteremko wa kwanza, mlango mdogo wa mbao ulifunguliwa.

"Domitille," Gaspard alisema kutoka ndani, "tembea polepole. Sombe inamwagika."

Domitille alilishika sanduku kwa mikono miwili, akainyoosha shingo yake iliyopona vizuri, na akatembea polepole.